Uzi: Nikeli safi inatokaje kwenye maji ya asidi? Tuzungumze SX, kobalti, na alkali inayokula faida

#1 Mchenjuaji wa Sakina (Arusha)

Wakuu, habari za jioni.

Kila mradi wa nikeli wa Kabanga unapotajwa humu, mazungumzo huishia kwenye hisa, barabara ya Ngara na bei ya soko la dunia. Sina ugomvi na hayo. Serikali ina hisa asilimia 16 kwa makubaliano ya Januari 2021, na mpango ni usafishaji ufanyike Kahama, palipokuwa na mgodi wa Buzwagi. Lakini kati ya makinikia (mwamba uliosagwa na kukusanywa madini yake) na metali safi kuna kazi ambayo hatuigusi kabisa, na hiyo ndiyo itakayoamua kama vijana wetu watakaa ndani ya chumba cha kuongozea mitambo au nje ya uzio.

Kazi yenyewe ni kuitenga nikeli na wenzake ndani ya maji ya asidi. Viwandani wanaiita SX (solvent extraction): unachukua mafuta yaliyochanganywa na kemikali maalumu, unayakoroga na yale maji, mafuta yanavuta metali moja na kuiacha nyingine. Mimi ni mtu wa maabara hapa Arusha, jioni nawasaidia vijana wanaosoma kemia ya viwanda, na wengi wao wanaijua SX kwa jina tu. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Tuanzie mwanzo. Makinikia ya salfaidi kama ya Kabanga yanaingizwa kwenye mtungi wa presha pamoja na maji na oksijeni. Salfaidi inageuka salfeti na kuyeyuka. Kama mwamba ni wa laterite (uliooza kwa mvua na jua, hauna salfaidi), kama ule wa Dutwa kule Bariadi, njia inayojulikana zaidi ni kuupika kwa asidi ya salfuriki kwenye presha kubwa na joto la nyuzi 250 hivi. Njia zote mbili zinakupa maji ya kijani. Ukiyatazama unasema hii ni nikeli tupu. Siyo. Kijani cha nikeli kinafunika kila kitu: humo ndani kuna chuma, shaba, kobalti, zinki, manganizi, magnesiamu na kalsiamu.

Chuma hakisumbui sana. Unapuliza hewa, unapandisha pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi inapungua) mpaka 3 au 4 kwa mawe ya chokaa yaliyosagwa, kinaganda na kushuka chini kama tope jekundu. Shaba nayo ina kemikali zake za jamii ya oksaimu ambazo huivuta hata pH ikiwa chini ya 2, nikeli ikiwa bado imetulia. Hapo ndipo watu hudhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu kobalti imebaki.

Kobalti na nikeli wanakaa jirani kwenye jedwali la elementi, uzito wao wa atomu unakaribiana mno, na kwenye maji wote wawili wanabeba chaji mbili chanya. Kwa miaka mingi walitenganishwa kwa kugandisha na kuyeyusha tena na tena. Kilicholeta nafuu ni jamii ya asidi za fosforasi zinazoyeyuka kwenye mafuta. Zinafanya kazi kwa kubadilishana: asidi inashika metali moja na kuachia ioni mbili za haidrojeni kwenye maji. Ukipandisha pH, mafuta yanapakia. Ukiyakutanisha mafuta hayo na asidi kali, yanashusha mzigo na kurudi kazini.

Sasa angalieni kwa karibu. Weka mmumunyo wa nikeli wenye kobalti kidogo kwenye faneli ya kutenganishia, mimina juu yake mafuta yenye Cyanex 272, mojawapo ya asidi hizo za fosforasi. Mafuta hayana rangi, maji ni ya kijani. Tikisa, acha itulie. Kama pH ni 3, hakuna kilichobadilika. Ongeza kostiki (haidroksaidi ya sodiamu, alkali kali) tone kwa tone, tikisa tena, mpaka pH ifike 5 na kitu. Mafuta yanageuka bluu, bluu iliyokolea kama wino, na maji chini yake yanabaki kijani. Bluu hiyo ni kobalti. Nikeli imekataa kupanda.

Kwa nini imekataa? Ndani ya maji kila ioni ya nikeli imezungukwa na molekuli sita za maji, na haiziachi kirahisi. Kobalti iko tayari kuyaacha maji yake na kukaa katikati ya majirani wanne ndani ya mafuta, na umbo hilo la pande nne ndilo lenye rangi ya bluu. Ukipasha joto kidogo, kobalti inayaacha maji kwa urahisi zaidi, kwa hiyo utengano unakuwa bora. Ndiyo maana viwanda vingi huendesha hatua hii kwenye nyuzi 50 hivi.

Nguvu ya kutenganisha inategemea kemikali uliyochagua, na hapa tofauti siyo ndogo. D2EHPA, ambayo Wachina huiita P204, inaipendelea kobalti kuliko nikeli mara kumi na kitu tu. PC-88A, yaani P507 yao, ni mara mia kadhaa. Cyanex 272 inafika takriban mara 7,000. Ukipima kwa pH, D2EHPA inawatofautisha kwa nusu kipimo hivi, Cyanex 272 kwa karibu vipimo viwili. Na kwa sababu kila metali inabadilishana na haidrojeni mbili, kipimo kimoja cha pH ni tofauti ya mara 100. Mtu mwenye kipima pH kibovu hawezi kufanya SX, hata awe na shahada ngapi.

Naishia hapa kwanza. Maswali yaje.

#2 FundiBetri

Mkuu, umeeleza vizuri. Swali langu la kifundi: kwa nini tusipitishe umeme moja kwa moja kwenye yale maji ya kijani? Nikeli inaganda kwenye bamba, tunabandua, tunauza. Mafuta ya nini?

#3 Mchenjuaji wa Sakina

Swali zuri, FundiBetri. Umeme unachagua metali kwa volti. Nikeli inaganda kwenye takriban volti -0.26, kobalti kwenye -0.28. Tofauti ni ndogo kiasi kwamba zinaganda pamoja, na kobalti hata ikiwa kidogo inaingia kwenye bamba. Nikeli ya kuuzwa soko la London lazima ifike asilimia 99.8. Halafu mtu wa betri hataki bamba, anataka salfeti ya nikeli, zile fuwele za kijani zenye molekuli sita za maji. Fuwele safi ina nikeli asilimia 22 tu, iliyobaki ni salfeti na maji, kwa hiyo uchafu wowote unaoingia unahesabika haraka. Mtengeneza betri anakuuliza kuhusu magnesiamu, kalsiamu, zinki na sodiamu kabla hajakuuliza bei.

#4 Mwana-Usa River

Nimesoma yote. Nauliza hesabu. Tuseme kobalti ni gramu 2 kwa lita. Ukitikisa mara moja na mafuta, inabaki kiasi gani? Na kiwandani hawatikisi faneli, wanafanyaje?

#5 Mchenjuaji wa Sakina

Ahsante, hili ndilo nililotaka liulizwe.

Chukua pH ambayo kobalti iliyo kwenye mafuta ni mara 10 ya iliyobaki kwenye maji, na ujazo wa mafuta ni sawa na wa maji. Tikisa mara moja: inabaki sehemu moja ya 11. Gramu 2 zinakuwa gramu 0.18 kwa lita. Bado ni nyingi.

Sasa tumia mafuta yaleyale, kiasi kilekile, ila yaende kinyume na maji. Maji yanaingia tangi la kwanza na kutokea la mwisho. Mafuta yanaingia la mwisho na kutokea la kwanza. Kwa hiyo maji yaliyokwisha kusafishwa yanakutana na mafuta matupu yenye njaa, na mafuta yaliyokaribia kujaa yanakutana na maji yenye kobalti nyingi. Kwa matangi mawili inabaki sehemu moja ya 111, yaani gramu 0.018. Kwa matatu inabaki sehemu moja ya 1,111, yaani chini ya miligramu 2 kwa lita. Hujaongeza hata tone la mafuta. Umepanga njia tu.

Kila hatua kiwandani ni chumba cha kukoroga kilichounganishwa na bwawa refu la kutulizia. Kwenye chumba mchanganyiko unakorogwa dakika chache, unamwagikia bwawani, mafuta yanaelea, maji yanakaa chini, kila kimoja kinatokea kwenye kizuizi chake. Ni mtambo wa kimya, na anayeuona mara ya kwanza hudhani hakuna kinachoendelea.

Ila hesabu hiyo ina sharti moja zito: ile mara 10 ibaki mara 10. Na haibaki yenyewe, kwa sababu kila kobalti inayopanda inashusha haidrojeni mbili, pH inaanguka, mafuta yanaacha kuvuta. Lazima uongeze alkali kila hatua, au uyape mafuta alkali kabla hayajaingia. Kwa maoni yangu moyo wa uzi huu uko hapa. Watu wanasoma sana habari za Cyanex na kusahau alkali, wakati alkali ndiyo inayonunuliwa kila siku.

Hesabuni wenyewe. Kupandisha kilo moja ya nikeli kwenye mafuta kunahitaji kilo 1.36 za kostiki, na kunakuachia kilo 2.4 za salfeti ya sodiamu ambayo lazima uitafutie pa kwenda. Kobalti ni vivyo hivyo, uzito wao ni sawa. Sasa fikiria mmumunyo wenye gramu 100 za nikeli na gramu 2 za kobalti kwa lita. Ukiivuta kobalti na kuiacha nikeli kwenye maji, unalipia alkali ya gramu 2. Ukiivuta nikeli, unalipia ya gramu 100. Ndiyo maana mpangilio wenye akili ni kutoa vichache na kuviacha vingi mahali vilipo.

#6 Binti Machame (Moshi)

Shikamoo mwalimu. Niko Moshi, nafanya mradi wa mwaka wa mwisho kuhusu jambo hilihili. Maji yangu nimeyatengeneza mwenyewe kwa chumvi za maabara: nikeli, kobalti, kalsiamu na magnesiamu, zote salfeti. Kemikali niliyopata ni D2EHPA, nimeichanganya na mafuta ya taa.

Nina shida mbili. Ya kwanza, nikitikisa kunabaki tabaka katikati kama povu zito, halitulii hata nikisubiri. Ya pili, nikishusha mzigo kwa asidi ya salfuriki kunatokea vitu vyeupe kama sindano ndogo, vinaganda kwenye bomba la faneli. Msimamizi ameniambia nichuje niendelee. Naomba msaada.

#7 Mchenjuaji wa Sakina

Marahaba binti. Hongera kwa kufika hapo.

Nianze na sindano. Hiyo ni jasi, ileile inayochimbwa Makanya kule Same. D2EHPA inaipenda kalsiamu kuliko kobalti, kwa hiyo kalsiamu yako imepanda kwenye mafuta. Ulipoleta asidi ya salfuriki, kalsiamu ikashuka ikakutana na salfeti, na jasi haiyeyuki vizuri kwenye maji, basi ikaganda hapohapo. Kuchuja ni sawa kwa leo, lakini chanzo kitabaki. Yashushe mafuta yako kwa asidi ya haidrokloriki badala ya salfuriki, kalsiamu itashuka ikiwa kloraidi, ambayo inayeyuka bila taabu.

Usidhani ni shida ya chuo tu. Magharibi mwa Australia, mwishoni mwa miaka ya 1990, walijenga viwanda vitatu vya laterite karibu kwa wakati mmoja: Murrin Murrin, Cawse na Bulong. Bulong walichagua kuyapeleka maji moja kwa moja kwenye SX, kobalti kwanza kwa Cyanex 272, kisha nikeli kwa kemikali nyingine, Versatic 10. Maji yao yalikuwa yamejaa kalsiamu iliyotokana na chokaa, na jasi iliwasumbua sana kwenye mabomba na matangi. Wale wengine wawili waliigandisha nikeli kwanza, Murrin Murrin kama salfaidi na Cawse kama haidroksaidi, wakaiyeyusha upya, ndipo wakaingia SX wakiwa wameacha kalsiamu na magnesiamu nyuma. Bulong ilifungwa baada ya miaka michache. Murrin Murrin ikaendelea. Sababu za biashara zilikuwa nyingi, lakini mhandisi anayesoma habari hiyo hawezi kuipuuza jasi.

Sasa povu. Niambie mambo mawili: uliyachuja maji kabla ya kutikisa? Na unatikisa kwa nguvu kiasi gani?

#8 Binti Machame

Sikuchuja, yalionekana safi. Natikisa kwa nguvu zote dakika tano, nilidhani ndiyo inavyotakiwa.

#9 Mchapakazi wa Kitwe

Naomba niingilie hapo kwenye povu. Mimi kwetu ni Tengeru, lakini nimefanya kazi miaka mingi Zambia kwenye SX ya shaba. Kiwanda sitakitaja. Tope la katikati ndilo lililokuwa linatuamsha usiku. Linatokana na vumbi laini kuliko unavyoweza kuliona kwa macho, silika iliyoyeyuka, fangasi wanaoota kwenye mafuta, na hewa inayoingia kwenye chumba cha kukoroga. Vikikutana kwenye mpaka wa mafuta na maji vinashikana na matone, tabaka linakua mpaka linapita kwenye kizuizi pamoja na mafuta. Likifika kwenye umeme, bamba linaharibika, na fedha ya mafuta imekwenda.

Mabosi walitaka tuongeze mtiririko ili tufikie lengo la mwezi. Kila tulipoongeza, tope lilipanda. Tulipopunguza na kuchuja maji kwa umakini kabla ya SX, tabaka lilishuka lenyewe. Binti, chuja maji yako kwa karatasi laini kabisa uliyonayo, hata kama yanaonekana safi. Na acha kutikisa kama unatengeneza juisi. Geuza faneli taratibu, juu chini. Matone madogo mno yanachukua muda mrefu kuungana.

#10 Mchenjuaji wa Sakina

Mchapakazi amemaliza, sina la kuongeza kuhusu povu isipokuwa hili: ukiendelea kupata tabaka baada ya kuchuja, ongeza tributili fosfeti kama asilimia 5 kwenye mafuta. Husaidia mafuta yasigawanyike matabaka mawili yanapopakia na alkali nyingi.

Nina jambo zito la kukuambia, binti. Umesema unatumia mafuta ya taa, na najua hatua inayofuata utataka kupasha joto ili kobalti ipande vizuri, maana nimesema hivyo mwenyewe huko juu. Usifanye hivyo kwa mafuta ya taa ya kituoni. Mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 38 au 40 hivi. Ukipasha mpaka 50 umeshavuka hapo. Viwandani hutumia mafuta yaliyosafishwa mahususi, yale ambayo mvuke wake haushiki mpaka zaidi ya nyuzi 70, na hata hivyo wameungua. Olympic Dam kule Australia, SX yao ilishika moto Desemba 1999, na tena Oktoba 2001. Mafuta yakikimbia ndani ya bomba la plastiki yanazalisha umeme tuli, na cheche moja inatosha. Fanya majaribio yako kwenye joto la kawaida la chumba. Matokeo yatapungua ubora kidogo, utayaandika hivyohivyo kwenye ripoti, na hakuna mtahini mwenye busara atakayekulaumu.

#11 Mzee wa Monduli

Wanangu, nimefuatilia kwa makini. Mimi si mkemia, nilikuwa mwalimu wa jiografia. Mchenjuaji amesema alkali ndiyo inayokula fedha. Sisi hapa Monduli tuna bonde la Engaruka, magadi yamelala ardhini, na NDC (Shirika la Maendeleo la Taifa) wamekuwa na mradi wa kuyatoa. Je, magadi hayawezi kufanya kazi ya hiyo kostiki?

#12 Mchenjuaji wa Sakina

Shikamoo mzee wangu. Yanaweza, na nimefurahi umeliuliza wewe.

Magadi yakisafishwa ni kaboneti ya sodiamu. Inaua asidi kama kostiki, ila unahitaji kilo 1.8 kwa kila kilo ya metali badala ya 1.36, na inatoa gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hiyo ndani ya chumba cha kukoroga ni mapovu, na mapovu ndiyo hayo Mchapakazi anayolalamikia. Kwa hiyo njia nzuri ni kuyapa mafuta magadi pembeni, kwenye tangi lake lenye nafasi ya gesi kutoka, kabla hayajakutana na nikeli.

Njia ya pili ni ya zamani na viwanda vya karatasi vinaitumia mpaka leo: chukua mmumunyo wa kaboneti ya sodiamu, changanya na chokaa iliyozimwa. Kaboneti ya kalsiamu inaganda na kushuka, na kinachobaki juu ni kostiki. Magadi tunayo, chokaa tunayo. Sisemi kesho asubuhi, magadi ya bonde lile yana chumvi nyingine ndani na lazima yasafishwe kwanza. Kloraidi ikiingia kwenye mtambo wa nikeli inakula vyuma. Lakini mtu akikuambia alkali lazima ije kwa meli, muulize kwa nini.

Bado sodiamu yenyewe ni tatizo. Ukiyapa mafuta sodiamu halafu ukayaingiza kwenye mmumunyo wako wa nikeli, sodiamu inabaki kwenye nikeli, na mtu wa betri haitaki. Ujanja unaotumika ni huu: mafuta yenye sodiamu yanakutanishwa kwanza na sehemu ndogo ya mmumunyo wa nikeli, pembeni. Nikeli inapanda, sodiamu inashuka na kutolewa na maji hayo. Mafuta yaliyobeba nikeli ndiyo yanayoingia kwenye mtambo mkuu, na humo kobalti inaisukuma nikeli itoke na kukaa mahali pake. pH haianguki, sodiamu haijaingia, na nikeli iliyosukumwa inarudi kwenye maji yaleyale unayoyasafisha. Mimi naona huu ni kati ya ujanja mzuri kabisa katika kemia ya viwanda, na nikiwaeleza vijana huwa narudia mpaka mtu auchore mwenyewe ubaoni.

#13 Kahawa Kibosho

Mmetaja sodiamu tu. Amonia je? Mimi ni bwana shamba, nauliza kwa sababu nimesikia mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ni zao la viwanda vya nikeli.

#14 Mchenjuaji wa Sakina

Ni kweli kabisa, mkuu. Ukitumia amonia badala ya kostiki, taka yako inakuwa salfeti ya amonia, kilo 2.25 kwa kila kilo ya nikeli au kobalti iliyopandishwa. Viwanda kadhaa vya nikeli duniani vinaiuza kama mbolea. Unaweza kuniambia kama huku kwetu itanunuliwa?

#15 Kahawa Kibosho

Itanunuliwa, ila siyo kila mahali. SA ina naitrojeni asilimia 21 na salfa 24. Salfa inahitajika. Lakini SA inaongeza uchachu wa udongo kuliko urea au CAN. Huku juu kwenye kahawa, Kibosho, Machame, Marangu, udongo mwingi tayari ni mchachu, mkulima akiimwaga mfululizo anajiharibia. Kule tambarare, Moshi chini kwenye mpunga, kuna maeneo yenye udongo wa chumvichumvi na magadi, huko inafaa zaidi.

Sharti langu ni moja: isije na nikeli au kobalti ndani yake. Mkulima hana kipimo cha kuona hilo, ataona mimea inadumaa na kudhani ni ukame. Lazima kila shehena ipimwe na mtu asiye mwajiriwa wa kiwanda.

#16 Mchenjuaji wa Sakina

Nakubaliana na wewe neno kwa neno, na hasa hilo la kipimo. Amonia nayo ina tabia yake: ikizidi kwenye mmumunyo wenye nikeli nyingi, inaungana na nikeli na salfeti na kuganda kama chumvi ya pamoja ya kijani, inaziba kila kitu. Kwa hiyo haiwekwi kiholela.

#17 Mdau_Njiro

Wakuu, mnajichosha. Indonesia wanagandisha nikeli na kobalti pamoja kama haidroksaidi, wanaweka kwenye mifuko, wanauza kwa wasafishaji wa nje. Kwa nini sisi tuhangaike na SX?

#18 Mchenjuaji wa Sakina

Hoja yako ni halali, na mradi mdogo ungeweza kuanzia hapo. Lakini mnunuzi wa haidroksaidi hakulipi bei kamili ya nikeli iliyomo, anakata gharama zake za kusafisha pamoja na faida yake. Tope lenyewe limebeba maji mengi, unayalipia nauli mpaka bandarini. Na kobalti, ambayo kwa kawaida ni ghali kuliko nikeli, ndiyo inayokatwa zaidi. Hao Wachina unaoona wananunua tope hilo wanalipeleka wapi? Kwenye SX: P204 kutoa zinki, manganizi, kalsiamu na shaba, kisha P507 kutenga kobalti na nikeli. Nchi yetu imekwisha kugombana na dunia kwa ajili ya makinikia mwaka 2017, watoto wa shule walijua neno hilo. Kuuza tope la kijani kwenye mifuko ni hatua moja tu mbele ya pale.

#19 Mchapakazi wa Kitwe

Na malori ya haidroksaidi ya kobalti kutoka Kongo tumekuwa tukiyaona Tunduma yakienda Dar. Mzigo unapita, ujuzi unabaki nje.

Mchenjuaji, hujagusa jambo moja ambalo kwenye shaba hatukuwa nalo. Nimesikia kobalti inaozesha mafuta. Ni kweli?

#20 Mchenjuaji wa Sakina

Ni kweli. Kobalti ikiwa ndani ya mafuta na hewa ikapata nafasi, inachochea oksijeni kuyashambulia mafuta yenyewe, yale ya kubebea. Yanazaa asidi za kaboksili taratibu, na asidi hizo zinaanza kuvuta metali kwa matakwa yao. Utaona utengano unashuka mwezi hadi mwezi wakati Cyanex yako ukiipima bado ipo. Dawa ni mbili: weka kizuia oksijeni kwenye mafuta, BHT ile inayowekwa hata kwenye mafuta ya kula, na usiyaache mafuta ya bluu yakae yamepakia. Yashushe mzigo mapema. Mtambo ukizimwa kwa matengenezo, mafuta yalale yakiwa matupu.

Na kwa Binti Machame, kuhusu magnesiamu ambayo hukuiuliza lakini utakutana nayo: kwenye D2EHPA inakaa karibu mno na nikeli, hutaweza kuitenga vizuri, usipoteze wiki zako. Kwenye Cyanex 272 inapanda baada ya kobalti na kabla ya nikeli. Kwa mradi wako, ondoa kalsiamu kwa D2EHPA kwenye pH ya chini, pima ni kiasi gani cha kobalti kimefuata, chora mstari wa asilimia dhidi ya pH kwa kila metali. Michoro minne iliyopimwa kwa uangalifu itakupa alama nzuri kuliko mtambo wa ndoto wa kurasa mia.

#21 Binti Machame

Ahsante sana mwalimu, na kaka Mchapakazi. Leo nimechuja na kugeuza faneli taratibu, tabaka la katikati limepungua mpaka uzi mwembamba tu. Asidi ya haidrokloriki nayo imefanya kazi, hakuna sindano.

Swali la mwisho: nina chupa kadhaa za maji ya kijani na mafuta yaliyotumika. Mtunza stoo anasema nimwage kwenye sinki na maji mengi.

#22 Mchenjuaji wa Sakina

Usimwage, binti. Chumvi za nikeli zimewekwa kundi la kwanza la visababishi vya saratani na IARC (shirika la kimataifa la utafiti wa saratani), hatari kubwa ikiwa ni kuvuta vumbi au ukungu wake, na kwenye ngozi zinaleta mzio usioisha. Vaa glavu hata unapoosha vyombo. Sinki la Moshi linaishia mtoni kwa njia moja au nyingine, na chini huko watu wanamwagilia.

Fanya hivi. Maji ya kijani yakusanye kwenye ndoo moja, ongeza chokaa iliyozimwa taratibu mpaka pH ifike 9 au 10. Nikeli na kobalti zitaganda kama tope la kijani. Acha usiku mzima, chuja, maji ya juu yapime nikeli kabla ya kuamua lolote. Tope likauke kivulini likiwa limefunikwa, lisipeperuke, liingie kwenye chombo chenye mfuniko na lebo. Mafuta yaliyotumika yashushe mzigo kwanza kwa asidi, yakishakuwa matupu yanaweza kutumika tena na mwanafunzi wa mwaka kesho. Usiyachome. Kwa vile visivyotumika tena, mwambie msimamizi aandike barua kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko hapa Arusha. Wao ndio wasimamizi wa kemikali kwa sheria ya mwaka 2003, na chuo kinachonunua asidi kinatakiwa kiwe kimesajiliwa kwao tayari.

Faneli zako zisuuze kwa asidi dhaifu kabla ya sabuni, na maji hayo ya kusuuzia nayo yaingie kwenye ndoo hiyohiyo.